Mwiba Chini ya Sikio

Maiti ilikuwa imeketi kwenye kiti cha kinyozi, imefunikwa shuka la kunyolea hadi kidevuni, kichwa kimeegemea nyuma. Taulo lililokuwa usoni lilikuwa sakafuni sasa, bado lina uvuguvugu. Upande mmoja wa shingo ulikuwa umevimba na kuwa na rangi ya bilinganya. Upande wa pili ulikuwa shingo ya kawaida ya mzee.

Inspekta alikizunguka kiti bila kugusa kitu. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, wa makamo, asiye na haraka. Hakupenda vifo vya vitini. Mtu akifa barabarani, kila mtu ameliona gari. Mtu akifa kitini, kila mtu anakuambia alikuwa anaangalia pengine.

Nje, mtaa mzima ulikuwa umesongamana mlangoni.

"Mtoeni huyo muuaji!"

Jiwe likagonga fremu ya dirisha. Sajini, kijana wa miraba minne, akajaza mlango kwa mabega yake.

"Afande, hawa wakiingia tutakuwa na maiti mbili."

"Basi wasiingie."

Kinyozi alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, bado ameshika chanuo. Mtaani walimwita Kipara, kwa kuwa kichwa chake hakikuwa na unywele hata wa dawa, na wateja walipenda kumtania kwamba biashara ameianzia kwake. Leo hakuna aliyemtania.

"Huyu ni nani?" Inspekta aliuliza.

"Mzee Reli, Afande. Zamani aliendesha treni. Ni mgeni hapa, amekuja kwa binti yake."

"Ilikuwaje?"

"Nilimnyoa ndevu. Nikamwekea taulo la moto usoni. Nikamgeuza shingo, kama ninavyowageuza wote. Nikaenda nyuma kuchemsha maji mengine. Niliporudi nikaondoa taulo..."

"Ulimgeuza vipi?"

Kipara akainua mikono hewani, mmoja kama umeshika kidevu, mwingine kisogo. Akazungusha kushoto, akazungusha kulia. Inspekta aliujua mchezo huo. Saluni nyingi za wanaume humalizia hivyo: shingo inalia kwa! kwa!, mteja anafumba macho kwa raha, anatoka akijiona kijana.

"Nani alikuambia umgeuze?"

"Mwenyewe. Aliomba mwenyewe."

Neno hilo lilitoka upesi mno, kabla swali halijatua. Inspekta alilitia akilini, akageukia benchi la kusubiria.

Mtu mrefu mwenye koti jeupe alikuwa amejiinamia pale, analia kwa sauti. Huyu ndiye aliyekuwa mkwe wa marehemu. Alikuwa na duka la miwani ng'ambo ya barabara, na mtaa mzima ulimwita Dokta Miwani. Hakuwa daktari wa chochote. Lakini koti lilimkaa vizuri, watu wakamwita Dokta, naye hakuona sababu ya kuwasumbua kwa masahihisho.

"Nilimleta mimi, Afande," alisema. "Nilitaka mzee wangu apendeze. Kumbe nampeleka kaburini."

"Ulikuwa wapi alipogeuzwa shingo?"

"Nje, naongea na simu. Sikuona, sikusikia." Akajifuta macho kwa ncha ya koti. "Msimwonee kinyozi. Ni ajali. Sisi kama familia hatutaki kesi."

Waliosikia dirishani wakaguna kwa huruma. Mkwe kama huyu haokotwi, mmoja alisema. Inspekta naye alimhurumia, na baadaye aliichukia sana ile huruma yake.

*

Mkuu wa kituo hakuona kazi iliyobaki.

"Kesi imejifunga yenyewe. Kinyozi amekiri kumgeuza, mzee amekufa. Kuua bila kukusudia. Jumatatu apandishwe kizimbani."

"Bado sijapata majibu ya uchunguzi wa maiti, bwana mkubwa."

"Utayapata. Na yatasema amekufa."

Chini, mke wa Kipara alikuwa ameketi kwenye ngazi za kituo. Saluni ilikuwa imevunjwa vioo, kiti kimetupwa mtaroni. Watoto wake wameambiwa shuleni kwamba baba yao ananyonga wazee.

"Afande," alimwambia Inspekta, "kinyozi aliyeua, nani atampa shingo tena? Hata mkimfunga siku moja, mmemfunga maisha."

Inspekta hakumdanganya kwa maneno matamu. Alimwambia tu arudi nyumbani akakae na watoto, kisha akaenda chumba cha maiti.

Daktari wa maiti alikuwa mzee mwembamba aliyezoea kuongea na watu wasiojibu, hivyo aliye hai akimtembelea alimmwagia yote. Alikuwa ameweka fuvu la plastiki mezani, kando ya marehemu.

"Tia kidole chako hapa, chini ya tundu la sikio. Unausikia huu mwiba?"

Inspekta alitia kidole. Kwenye fuvu la plastiki kulikuwa na kifupa chembamba, chenye ncha, kinachoelekea chini na mbele.

"Kila mtu anao. Mmoja kulia, mmoja kushoto. Vitabuni una jina refu la kigeni, mimi nauita mwiba. Kwa wengi hauzidi pingili ya kidole. Misuli ya ulimi na koo imejishikiza hapo, mambo yamekwisha." Akavuta shuka. "Sasa njoo umwone huyu."

Inspekta alishaona mengi, lakini alivuta pumzi kwanza. Mfupa wa mzee ulikuwa mrefu kuliko kidole cha shahada, na ncha yake ilikuwa imepinda kwenda ndani.

"Mungu hakutufyatua kwa kalibu moja kama matofali," daktari aliendelea. "Fuvu moja lina tundu lisilokuwepo kwa lingine. La huyu lina mfupa mrefu, la yule mfupa umepinda. Mara nyingi si neno, mtu anazeeka na anakufa hajui. Shida ni majirani. Hapa pembeni unapita mshipa mkubwa wa damu, ateri ya shingo, unaolisha ubongo. Kwangu na kwako mfupa na mshipa wanapishana kwa adabu. Kwa huyu mzee walikuwa wanalala kitanda kimoja."

"Na akigeuzwa kichwa kwa nguvu?"

"Ncha inaingia kwenye mshipa. Ndicho kilichotokea. Ateri imechanika, damu imejaa ndani ya shingo, imeziba njia ya hewa, ubongo umekosa chakula. Hata kama angekuwa kitandani kwangu nisingemuwahi."

"Kwa hiyo ni bahati mbaya."

Daktari akavua glavu. "Kifo, ndiyo, kingeweza kuwa bahati mbaya. Lakini kuna jambo moja linanisumbua. Mwenye mwiba wa namna hii hukaa na kitu kama mfupa wa samaki kooni. Akimeza, unachoma. Akigeuka ghafla, anauma mpaka sikioni. Mtu wa hivyo anageuza mwili mzima ili asigeuze shingo. Wewe umeniambia aliomba ageuzwe?"

"Kinyozi ndiye anayesema hivyo."

"Basi ama mzee alikuwa amechoka kuishi, ama kinyozi wako anasema uongo."

*

Saluni ya Kipara na kibanda cha fundi viatu vilitengwa na ubao mwembamba tu. Fundi viatu alikuwa anagongea soli alipoulizwa, na hakuacha kugonga.

"Kuomba? Yule mzee? Afande, yule alikuwa anakoroma mpaka misumari yangu inaruka. Nilikuwa nacheka peke yangu humu. Halafu nikasikia shingo inalia, na kukoroma kukakatika. Nikasema, ameamshwa maskini."

"Mbona hukusema siku ile?"

"Watu wana mawe mkononi, na mimi nina kibanda cha mbao. Ningesema nini?"

Inspekta alirudi kituoni na kumtoa Kipara mahabusu. Alimketisha, akamsogezea maji. Sajini alisimama nyuma.

"Mzee alikuwa na taulo usoni ulipomgeuza?"

"Ndiyo, Afande."

"Limefunika mdomo?"

"Linafunika uso wote."

"Aliombaje?"

"Kabla. Aliomba kabla."

"Kwa maneno gani?"

"Alisema... nigeuze shingo."

"Mzee mwenye mfupa unaomchoma kila akimeza, alikuambia umgeuze shingo. Halafu akalala akakoroma, ukamgeuza akiwa usingizini. Ndivyo?"

Uso wa Kipara ulianza kuporomoka. Aliitazama mikono yake, akaificha chini ya meza.

"Nani kakuambia alikoroma?"

"Kipara. Jumatatu unakwenda mahakamani. Mkeo amerudi kukaa kwenye ngazi tangu asubuhi. Unamficha nani?"

"Simfichi mtu. Najificha mimi." Aliinamia meza. "Aliyenifundisha kazi alinipa sharti moja kabla hajanipa wembe. Usiguse shingo ya aliyelala. Mteja aseme mwenyewe, akiwa macho, tena uone kwenye kioo kwamba amekuona. Kila kinyozi anayejua kazi anajua hilo. Ukimgeuza aliyelala, wewe si kinyozi, wewe ni mchinjaji. Ningewaambiaje watu?"

"Kwa hiyo ukaona afadhali uitwe muuaji."

"Kuua ni ajali, Afande. Hili ni aibu."

Sajini alitaka kucheka, akaona si mahali pake. Inspekta hakutaka kucheka hata kidogo. Miaka yote ile ya kazi alikuwa ameona watu wakidanganya kwa kuogopa kamba, kwa kumlinda mpenzi, kwa ulevi. Hakuwa ameona mtu anayejipeleka jela ili asionekane hajui kazi yake.

"Mzee alisema nini hasa alipokaa?"

"Alisema: ndevu tu, mwanangu. Shingo niachie, ina ugonjwa."

"Na bado ukamgeuza!"

Kipara akaanza kulia, kilio kisicho na sauti. "Mkwe wake alisogea. Mzee ameshalala. Akaninong'oneza: 'Huyu mzee ni mwoga tu. Daktari wa koo amesema anyooshwe shingo, ndiyo dawa yake, anakataa. Mfanyie sasa hivi akiwa amelala, kabla hajajikaza.' Sasa mimi nani, Afande? Yule ni Dokta. Nikamgeuza. Nilipoinua macho alikuwa ameshatoka nje na simu sikioni."

"Mbona hukumtaja?"

"Ningemtaja ningekuwa nimesema kwamba mzee alikuwa amelala. Halafu akaja hapa mahabusu, akaniletea chakula. Akaniambia: 'Shikilia hapo hapo kwamba aliomba. Familia haitashitaki.' Nikaona ni mtu mwema, ameona aibu yangu akanisitiri."

Konstebo wa zamu aliitwa. Alikumbuka vizuri, kwa sababu alikuwa akikitamani kile chakula. Dokta Miwani alikuwa amesema maneno hayo, na konstebo alidhani ni maneno ya kufariji.

*

Nyumba ya msiba ilikuwa safi kupita kiasi. Hakuna kikombe kilichokaa upande. Dokta Miwani aliwakaribisha kwa sauti ya chini, akawaonyesha viti, akakaa karibu na mkewe mpaka mabega yakagusana.

Binti wa Mzee Reli alikuwa mwanamke wa kiasi cha miaka thelathini, mwenye nguo ya mikono mirefu siku ya joto lile.

"Pole sana, mwanangu," Inspekta alisema. "Baba alikuja lini?"

"Wiki iliyopita," mume alijibu.

"Alikuwa anaumwa?"

"Uzee tu," mume alijibu. "Koo kidogo."

"Alikwenda hospitali?"

"Nilimpeleka mimi. Nilibaki nje, yeye akaingia mwenyewe. Alisema wamempa dawa za kusukutua."

Inspekta alikuwa ameuliza maswali matatu kwa mtu mmoja na kujibiwa yote na mwingine. Akamtazama Sajini, na Sajini, ambaye hakuwa mjinga kama alivyopenda kuonekana, akaanza kukohoa. Alikohoa kama mtu anayekaribia kuaga dunia.

"Mtafutieni maji huyu," Inspekta alisema. "Dokta, tafadhali, kabla hajatutoka."

Mume alisita. Mwenye koti jeupe hawezi kumwacha mtu akikohoa mbele ya wageni. Akainuka.

Binti hakuinua kichwa. Midomo yake ilisogea kidogo tu.

"Kamuulizeni daktari wa koo. Baba hakuingia peke yake."

Alipoinua mkono kujifuta jasho, mkono wa nguo ulirudi nyuma. Alama za vidole zilikuwa zimezunguka mkono juu ya kifundo, nyingine mpya, nyingine zimeanza kugeuka manjano. Akaushusha upesi. Inspekta alihisi hasira ikimpanda, na ilimbidi aangalie sakafu ili yule mwanamume akirudi na glasi asiisome usoni mwake.

*

Daktari wa masikio, pua na koo alikuwa mtu mpole, mwenye mvi, na hakuhitaji kukumbushwa.

"Nani atasahau mfupa kama ule? Niliusikia kwa kidole nilipobonyeza pembeni ya tonsili. Tukapiga picha, ukaonekana wazi. Nikawaeleza wote wawili."

"Wote wawili?"

"Mgonjwa na mkwe wake. Walikaa hapo ulipokaa. Niliwaonyesha kwenye picha mfupa ulipo na mshipa ulipo. Nikasema tutapanga siku ya kuukata. Mpaka siku hiyo, asinyanyue mzigo, asigeuke ghafla, na asimruhusu mtu yeyote kumgeuza shingo. Nilisema vinyozi hasa. Nawajua."

"Mkwe alisema chochote?"

Daktari alivua miwani, akaifuta polepole.

"Alikuwa makini sana. Nilimsifu moyoni. Ndugu wengi huuliza gharama, huuliza atapona lini. Yeye aliuliza: 'Na akigeuzwa kwa bahati mbaya, je, mtu angeweza kuona kwa nje kwamba ni mfupa?' Nikamwambia hapana, mpaka apasuliwe. Nilidhani ana wasiwasi." Akairudisha miwani usoni. "Mungu wangu. Mimi ndiye niliyemfundisha."

"Wewe ulifundisha namna ya kumlinda," Inspekta alisema. "Twende kituoni, daktari. Nitakuomba ukae chumba cha pili kwa muda."

*

Dokta Miwani alifika kituoni akiwa amevaa koti lake. Alikaa bila kuambiwa.

"Nimekuja kusaidia," alisema.

"Nashukuru. Siku ile ulikuwa nje."

"Nje."

"Hukumwambia kinyozi lolote."

"Salamu tu."

"Hukuona wala hukusikia."

"Nimeshasema, Afande."

"Ulimletea chakula mahabusu."

"Ubinadamu. Yule ni jirani."

"Ukamwambia: 'Shikilia hapo hapo kwamba aliomba.' Konstebo wangu alikusikia. Kama ulikuwa nje, hukuona, hukusikia, ulijuaje kwamba mzee hakuomba?"

Kalamu ya Sajini ilisimama. Dokta Miwani alijaribu kutabasamu, na tabasamu likafika nusu ya njia.

"Sawa," alisema hatimaye. "Nitasema kweli. Nilikuwa ndani. Nilimwambia amgeuze. Lakini kwa nia njema! Mzee alikuwa anateseka. Nilipoona amekufa nikaogopa. Mtaa ungesema mimi ndiye niliyemponza. Ni kosa, nakubali, lakini ni kosa la mapenzi."

"Nani alisema kumgeuza ni dawa?"

"Daktari wake. Alisema anyooshwe shingo."

"Alimwambia mzee?"

"Alituambia wote."

"Kwa hiyo uliingia naye. Nyumbani ulisema ulibaki nje."

"Msiba, Afande, kichwa hakikuwa sawa."

"Ulisikia kwa masikio yako mwenyewe kwamba anyooshwe?"

"Kwa masikio yangu haya mawili."

Njia ya mwongo ni fupi, na huyu alikuwa amefika mwisho wake bila kujua. Inspekta aliinuka, akafungua mlango wa pembeni. Daktari wa koo aliingia, akasimama mbele ya meza.

"Nilikuambia asiguswe," alisema. "Nilikuonyesha mahali. Ukaniuliza kama ingeonekana kwa nje. Nilikujibu kama mtu anayemjibu mtoto wa mgonjwa!"

Dokta Miwani alimtazama, kisha akautazama mlango, ambako Sajini alikuwa ameshahamishia mabega yake. Akaanza kuvua koti jeupe, kifungo kimoja baada ya kingine, kana kwamba chumba kimepata joto ghafla. Ndani alikuwa na fulana iliyochakaa shingoni.

"Mimi sikumgusa," alisema. "Andikeni hivyo. Mikono yangu haikumgusa."

"Ulitumia mikono ya jirani yako," Inspekta alisema. "Yeye sasa anaificha chini ya meza. Kwa nini?"

"Alikuja kunichukulia mke."

"Alikuja kutibiwa koo."

"Koo lilikuwa kisingizio! Alikaa kwangu wiki nzima ananiangalia tu. Ananiita mwanangu, anakula mezani kwangu, na macho yake yako kwenye mikono ya binti yake. Hakunigombeza hata siku moja. Angenigombeza ningejua la kusema. Halafu nikakuta begi nyuma ya mlango wa chumba, nguo za mke wangu zimekunjwa ndani. Wanaondoka. Mchana kweupe, mtaa unaangalia!"

"Na wewe uliogopa nini?"

"Wewe hujui mtaa." Sauti yake ilipanda. "Pale nikipita wanasimama. Shikamoo Dokta, Dokta hivi, Dokta vile. Angetoka na begi wangemuuliza, na angejibu. Angepandisha mikono ya nguo akawaonyesha. Kesho yake nani angeingia dukani kwangu? Nani angeniamkia?"

"Kwa hiyo umeua mzee wa watu ili uendelee kuamkiwa."

"Baba yake akiondoka, hana pa kwenda. Hana kaka, hana mjomba. Angetulia. Tungekaa vizuri tu."

Alisema hivyo kwa utulivu wa mtu anayeeleza jinsi ya kutunza miwani. Sajini, ambaye alikuwa na dada watatu, aliacha kuandika na kumtazama mpaka Inspekta alipomgusa bega.

"Andika," alimwambia. "Yote. Kama alivyosema."

*

Kipara aliachiwa jioni ile. Inspekta hakumficha: angeitwa shahidi, na hakimu angempima kwa kosa lake, kwani aliambiwa aiache shingo na hakuiacha. Lakini kosa la kuua lilikuwa na mwenyewe. Mkewe alimshika mkono kwenye ngazi. Kipara alikwenda naye kama mgonjwa anayejifunza kutembea.

Binti wa Mzee Reli alikuwa ameketi kwenye benchi la mapokezi, begi miguuni. Sajini alikuwa amemsindikiza kulichukua. Inspekta alikaa karibu naye na kumweleza yote bila kupunguza, kwa sababu aliona kwamba huyu mtu alikuwa amepunguziwa vya kutosha.

Binti alisikiliza mpaka mwisho.

"Alikuwa amelala?" aliuliza.

"Fofofo. Hakusikia chochote, mwanangu. Hata maumivu nadhani hakuyasikia."

Inspekta alidhani anamfariji. Binti akaanza kutikisa kichwa, taratibu, kisha kwa nguvu.

"Baba halali mchana. Dereva wa treni halali mchana, alikuwa anasema hivyo kila siku. Alilala kwa sababu ya kunilinda mimi. Yule alipoliona begi alisema nitaona. Baba akachukua kiti akakiweka mlangoni kwangu, akakaa usiku kucha na viatu miguuni. Nilikuwa namsikia anameza mate, kwa shida, na koo lake lile. Mimi nililala. Yeye hakulala hata kidogo."

Binti akavuta mkono wa nguo mpaka vidoleni.

"Asubuhi yule akawa mpole kama si yeye. Njoo mzee, nikupeleke ukanyolewe. Baba akanitazama. Alikuwa hataki. Mimi ndiye niliyemwambia: nenda, baba, nenda naye, nipate nafasi ya kumalizia mizigo. Akaniuliza, 'Utakuwa salama?' Nikamwambia, 'Akiwa nawe huko, mimi huku niko salama.' Akafurahi. Akaenda."

Alivuta begi karibu, akalikumbatia kama mtoto. Ndipo akalia kwa sauti yake yote, kilio ambacho kwa muda mrefu hakikuruhusiwa katika nyumba ile safi.

Inspekta alimshika tu mkono, mahali pasipo na alama, akakaa naye pale hadi taa za mapokezi zilipowashwa.